Kuaminiana Katika Makundi ya Mtandaoni: Hupatikanaje, Hupoteaje?



Siku hizi jumuiya, kwaya, vikoba na ndugu waliotawanyika kati ya Talatala, Mbeya na Dar es Salaam wana makundi yao ya WhatsApp. Humo hutangazwa misiba na huchangishwa fedha. Katika somo hili tunajiuliza: humo tumwamini nani, na kwa nini?

Maana ya kuamini

Kuamini ni kulipokea neno la mwingine kuwa kweli kabla hatujalihakikisha wenyewe. Jumamosi sokoni Lyulilo, Matema, mnunuzi wa chungu cha Wakisi anaweza kukigonga kwa kidole asikilize mlio, maana chenye ufa hujisema. Mtandaoni hatuna cha kugonga. Tuna neno tu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni deni tunalodaiana, kwa sababu watu wasioaminiana hawawezi kuishi pamoja.

Hupatikanaje

Wengi hudhani tunamwamini mtu kwa kuwa tunalijua jina lake. Tuutazame mtandao wa JamiiForums, ulioanza mwaka 2006, ambako wachangiaji wengi hutumia majina ya kubuni. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya polisi kutopewa taarifa za watumiaji walizozitaka. Masuala ya sheria tunaiachia mahakama. Sisi tunajifunza hili: waliotegemea siri yao itunzwe waliona ikitunzwa kwa gharama. Uaminifu hujengeka neno na tendo vinapokutana, hasa pale panapouma.

Hupoteaje

Kwa upande mwingine, jina tunalolijua laweza kutudanganya. Tapeli humpigia mtu na kumwomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Akizitaja, akaunti yake ya WhatsApp inatekwa. Kisha kundi la msiba linapokea ujumbe wenye jina na picha ya mweka hazina: "Namba imebadilika, tumeni huku." Fedha ya jeneza imekwenda. Lakini hasara haiishii hapo. Msiba ujao, mweka hazina halisi akiomba michango, watu watanyamaza, na atakayeumia ni mfiwa asiye na kosa.

Basi tutofautishe. Anayeficha jina lake ili aseme kweli bila kudhurika hajamwibia mtu. Anayevaa jina la mwenzake amedanganya hata kabla ya kuandika neno.

Tufanye nini?

1. Namba ya michango ikibadilika, tumpigie mhusika kwa namba yake ya zamani kabla ya kutuma.
2. Mweka hazina aoneshe mapato kila jioni, na matumizi baada ya maziko.
3. Aliyesambaza habari isiyo kweli aisahihishe palepale kundini, asiifute kimyakimya.
4. Ujumbe wa kitapeli tuupeleke 15040.

Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2019, alichagua Efeso 4:25: tuuvue uongo, kwa kuwa tu viungo, kila mmoja kwa mwenzake. Kiungo kikidanganya, mwili mzima hujikwaa.

Maswali ya tafakari

Je, katika kundi letu, nani anaweza kuulizwa kuhusu fedha bila kukasirika? Na neno letu wenyewe likigongwa, litatoa mlio gani?