Mkojo wa Mbwa, Paka na Panya kwenye Picha za Ukutani: Kuokoa Kumbukumbu bila Kuhatarisha Afya

Utangulizi

Nyumba nyingi za Morogoro, kuanzia Kihonda iliyo tambarare hadi vijiji vya Matombo na Mgeta kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, zina angalau picha moja ndani ya fremu. Yaweza kuwa picha ya harusi, picha pekee ya mzazi aliyefariki, cheti cha mtoto aliyehitimu, mchoro wa Tingatinga au kitambaa cha batiki. Kuta zinapopakwa rangi au familia inapohama, fremu hizo huteremshwa na kuegemezwa sakafuni. Hapo ndipo paka dume hupita na kuweka alama yake, mbwa huinua mguu, au panya hujenga kiota nyuma ya kadibodi.

Msomaji aweza kuuliza: jambo hili linahusu nini jarida la afya? Linahusu kwa sababu anayeharakisha kuokoa picha iliyokojolewa huweza kudhurika kwa njia mbili: kwa vijidudu vilivyomo ndani ya mkojo, na kwa kemikali anazozichanganya mwenyewe ili kuondoa harufu. Msingi wa somo hili ni mmoja: mtu kwanza, picha baadaye, na kwa picha, subira na unyevu kidogo hufaa kuliko dawa kali.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze kueleza hatari hizo mbili, kuisafisha picha kwa utaratibu salama, na kutambua dalili zinazompasa mtu kwenda kituo cha afya.

Mkojo hufanya nini kwenye picha?

Mkojo ni maji yaliyobeba urea, chumvi, asidi ya uriki na rangi asilia za mwili. Ukishamwagika, bakteria huivunja urea na kutoa amonia, na hiyo ndiyo harufu kali inayochoma pua na macho. Mkojo uliokuwa na asidi kidogo au uliokuwa wa kati hugeuka kuwa wa alikali. Mabadiliko hayo huweza kufifisha au kugeuza rangi, huidhoofisha karatasi, na hushika kutu misumari na vibanio vya fremu. Chuma chenye kutu nacho huacha madoa ya kahawia kwenye karatasi.

Asidi ya uriki hukauka na kuwa chembe ndogo ambazo haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Hewa inapopata unyevu, harufu hurudi. Ndiyo maana fremu iliyonyamaza wakati wa kiangazi huanza kunuka tena masika, kati ya Machi na Mei. Kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, tatizo hilo huweza kudumu. Unyevu huohuo hukaribisha kuvu, ambayo huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 juu ya karatasi au kadibodi iliyolowa.

Hatari ya kwanza: vijidudu

Ugonjwa wa kuzingatiwa zaidi ni leptospirosisi, ambao Watanzania wengi waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda. Mwezi Julai 2022 mlipuko wake ulitangazwa katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ambako watu 20 waliripotiwa kuugua na 3 kati yao wakafariki. Bakteria wa leptospira hukaa katika figo za wanyama na kutoka pamoja na mkojo. Humwingia binadamu kupitia jeraha au mchubuko wa ngozi, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, macho, pua na mdomo.

Morogoro si ngeni katika elimu ya ugonjwa huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wameripoti kuwapata bakteria hao kwa panya buku, na aina mojawapo iliyopatikana kwa ng'ombe hapa Morogoro imepewa jina la Sokoine. Panya ndio wabebaji wakuu. Mbwa aliyeambukizwa naye huweza kutoa bakteria katika mkojo kwa majuma au miezi, hata akionekana mzima. Paka ni nadra kuwa chanzo cha maambukizi kwa binadamu, lakini haifai kumfanya kigezo cha kuacha tahadhari, kwani mara nyingi mwenye nyumba hajui ni mnyama gani aliyekojoa.

Leptospira hustahimili unyevu na hufa panapokauka kabisa. Kwa hiyo doa bichi, au kadibodi iliyobaki na unyevunyevu ndani, ni la hatari kuliko doa lililokauka siku nyingi.

Hapa yafaa kuondoa hofu moja inayowasumbua kina mama wajawazito. Toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, hutoka kwenye kinyesi cha paka, si kwenye mkojo wake. Hata hivyo, mjamzito na amwachie mtu mwingine kazi hii, kwa sababu nyuma ya fremu mkojo na kinyesi huweza kuwa pamoja.

Hatari ya pili: hewa yenye sumu

Watu wengi, wakishasikia harufu ya mkojo, hukimbilia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, ambayo huwasha macho, husababisha kikohozi na kubana kifua. Klorini ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, nayo ni hatari vilevile. Katika chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa, mwenye pumu aweza kuzidiwa upesi.

Kanuni ni hii: osha kwanza kwa sabuni na maji mengi, suuza, kisha ndipo utumie klorini peke yake, tena kwa sakafu, kioo na vitu vigumu visivyonyonya maji. Klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili kupata asilimia 0.5. Iache dakika 10, kisha suuza. Kamwe usiitie klorini kwenye picha, karatasi au kitambaa, kwani itang'oa rangi na kuzila nyuzi.

Aliyevuta hewa hiyo atoke nje mara moja, aoshe macho kwa maji safi, na apelekwe kituo cha afya iwapo anapumua kwa shida, anakohoa mfululizo au kifua kinambana.

Hatua za kuokoa picha

1. Waondoe watoto, wajawazito, wenye pumu na wenye vidonda mikononi. Fungua milango na madirisha.

2. Vaa glavu za mpira na barakoa. Funika mchubuko wowote kwa bandeji isiyopitisha maji. Asiye na glavu aweza kutumia mifuko safi ya plastiki isiyotoboka.

3. Kabla ya kugusa chochote, ipige fremu picha kwa simu, mbele na nyuma. Picha asilia ikiharibika, nakala itabaki.

4. Ilaze fremu juu ya karatasi ya nailoni. Kukiwa na kinyesi cha panya au kiota, usifagie kikavu. Kiloweshe kwa maji ya sabuni, kikusanye kwa tishu na ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa.

5. Ondoa kadibodi ya nyuma. Ikiwa imelowa, itupe, ila kwanza nakili majina, tarehe au sahihi zilizoandikwa juu yake.

6. Itenganishe picha na kioo ikiwa bado mbichi. Ikiwa imekwisha kukauka na kugandana na kioo, usiivute, maana sura ya mtu itabaki kwenye kioo. Iache hivyo, inakiliwe kupitia kioo, na itafutiwe mtaalamu wa kuhifadhi picha au nyaraka.

7. Gandamiza tishu nyeupe juu ya doa ili inyonye unyevu, na uibadilishe mara kwa mara. Usisugue.

8. Kausha ndani ya nyumba, mahali penye hewa au feni ya upole. Jua kali hufifisha rangi, na pasi huweza kulikaza doa lisitoke.

9. Osha kioo na fremu kwa sabuni, vikauke kabisa. Kisha vua glavu, na uoshe mikono kwa sabuni na maji tiririka.

Kila picha na matibabu yake

Michoro ya Tingatinga, sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, aghalabu ilichorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi zilizogandamizwa. Uso wake huvumilia kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni isiyo kali. Udhaifu uko pembeni na nyuma, ambako ubao hunyonya maji, huvimba na kubandua rangi. Mchoro huo ufutwe, usiloweshwe.

Batiki ijaribiwe kwanza: gusisha pamba nyeupe yenye maji kwenye pembe isiyoonekana. Pamba ikibaki nyeupe, kitambaa chaweza kusuuzwa kwa maji baridi. Ikishika rangi, ishia kunyonya unyevu na kukausha.

Picha ya kamera iliyosafishwa studio, ikiwa doa ni bichi, huweza kusuuzwa taratibu kwa maji safi ya baridi na kukaushwa uso ukiwa juu. Picha au cheti kilichotolewa kwa printa ya wino kisitiwe maji, kwa kuwa wino utatiririka. Cheti kilichoharibika kiombewe nakala kwa taasisi iliyokitoa. Michoro ya rangi za maji na ya wino juu ya karatasi inyonywe unyevu tu.

Harufu ikibaki baada ya picha kukauka, iweke ndani ya ndoo pana yenye mfuniko pamoja na kopo wazi la mkaa mkavu. Mkaa usiiguse picha. Baada ya siku kadhaa harufu hupungua. Manukato na siki visinyunyiziwe, kwa sababu huongeza doa jingine juu ya lile la kwanza.

Kwa wahudumu wa afya

Tuchukulie mfano huu wa kufundishia. Mama wa miaka 34 anafika zahanati akiwa na siku nne za homa, maumivu makali ya kichwa na ya misuli ya nyuma ya miguu, na macho mekundu yasiyo na usaha. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Akiulizwa kazi, anajibu kwamba ni mshonaji. Akiulizwa kama siku za karibuni amegusa mkojo wa mnyama au kiota cha panya, anakumbuka kwamba siku tisa kabla ya homa alisafisha fremu ya picha ya marehemu baba yake, na kidole chake kilikuwa na jeraha la sindano.

Swali hilo moja limebadilisha mwelekeo wa uchunguzi. Dalili za homa ya mgunda huanza kati ya siku 2 na 30 baada ya maambukizi, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 14, hivyo mgonjwa huwa amekwisha sahau tukio lenyewe. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 unatukumbusha uzito wa jambo hili: kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilithibitika kuwa chanzo kwa wagonjwa 14 tu. Leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamefichika nyuma ya dhana hiyo.

Manjano ya macho, mkojo kupungua, kutokwa damu au kupumua kwa shida ni dalili za hatari, na rufaa isicheleweshwe. Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki kama doksisaiklini au penisilini kwa kufuata mwongozo wa matibabu, na zinafaa zaidi zikianzwa mapema. Mjamzito asipewe doksisaiklini.

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Akipata homa baada ya kazi ya namna hii, na amweleze mhudumu alichogusa na siku aliyokigusa.

Kinga

Fremu zitundikwe juu ya kimo cha mbwa, na zikiteremshwa zilazwe mezani, si sakafuni. Bandika vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite na panya asipate maficho. Ziba matundu, na hifadhi nafaka katika vyombo vyenye mifuniko.

Kuhasi paka dume na mbwa dume hupunguza tabia ya kuweka alama kwa mkojo. Tena, paka aliyezoea mahali pake akianza ghafla kukojoa ovyo, asipigwe: huenda ni mgonjwa. Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo yuko katika hatari ya kufa, na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini klorini isimwagwe moja kwa moja juu ya mkojo?

2. Kwa nini fremu iliyokojolewa huanza kunuka tena wakati wa masika?

3. Utafanya nini ukikuta picha imegandana na kioo?

4. Mgonjwa mwenye homa na macho mekundu, asiye na vimelea vya malaria, aulizwe maswali gani kuhusu nyumba yake?

Aliyeweza kuyajibu na awafundishe wa nyumbani kwake kabla fremu hazijateremshwa ukutani.