Lipa kikoba kwanza, chokoleti baadaye

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga. Mke wangu ana genge la mboga, na Mungu ametujalia watoto wawili. Mwezi ujao tunatimiza miaka 9 ya ndoa. Kuna filamu nimeona mtu na mkewe wanachovya matunda kwenye chokoleti ya moto, mshumaa katikati, nikasema na mimi lazima nimfanyie mke wangu hivyo, kwa siri, ashtukie tu. Nimetenga 120,000 za kuagiza ile seti yenye taa ya spiriti chini na uma zake ndefu, pamoja na chokoleti ya nje.

Juzi nilijaribu kidogo yeye akiwa gengeni. Nilivunja chokoleti kwenye sufuria nikawasha gesi. Ikalainika vizuri, halafu ikaanza kuwa nzito. Nikatia kijiko cha maji iwe nyepesi, ikageuka tope la chengachenga, kijiko kinasimama chenyewe. Nimekosea wapi?

La pili, mama yangu mzazi anaishi nasi. Naona aibu akitukuta. Nimpeleke kwa dada siku hiyo?

La mwisho si kubwa. Mwaka huu mke wangu amepoa sana. Mwezi wa pili nilichukua 180,000 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya marejesho ya kikoba, nikanunua vipuri vya pikipiki ya mteja, na mteja akanikimbia. Siku ya kikao mke wangu hakuwa na kitu, akapigwa faini. Lakini hilo tulishalimaliza, hajalisema tena. Nadhani ni uchovu wa genge, na usiku kama huo utamchangamsha.

Baba Wawili, Tanga

Marahaba, baba. Umeniuliza mambo matatu ukayapanga kwa ukubwa unavyoyaona wewe. Niruhusu nianze na hilo ulilosema si kubwa.

Unasema mlishalimaliza kwa sababu hajalisema tena. Mlilimaliza lini? Barua yako nimeisoma kuanzia juu hadi chini nikitafuta mahali ulipomwomba radhi, au uliporudisha hata elfu kumi, sijapaona. Mwenzio alisimama kwenye kikao mbele ya wanawake anaonunua nao mboga sokoni, akasema hana marejesho, wakamwandikia faini. Wewe hukuwepo. Kikoba hakikopeshi kwa hati ya nyumba, kinakopesha kwa jina la mtu, na siku ile jina lake ndilo lililotajwa. Akanyamaza. Wanawake wengi hunyamaza hivyo wanapoona kusema hakuna faida.

Sasa fikiria amerudi kutoka gengeni, anakuta seti mpya inang'aa, taa ya spiriti inawaka, chokoleti ya nje imepangwa mezani. Unadhani ataona mapenzi? Huyu ni mfanyabiashara, baba. Kabla hajakaa atakuwa ameshapiga hesabu ya vyote vilivyo mezani, na hesabu itampeleka moja kwa moja kwenye 180,000 zake. Utakuwa umemlisha pesa yake mwenyewe kwenye uma mrefu.

Kwa hiyo fanya hivi. Katika hizo 120,000, toa laki moja umpe. Usingoje siku ya kumbukumbu. Mpe wiki hii, mchana, watoto wakiwa shule. Elfu 20 ibaki kwako kwa ajili ya chokoleti na matunda. Unapompa mwambie kilichotokea kama kilivyotokea: "Nilichukua pesa zako za marejesho bila kukuambia, ukaaibika mbele ya wenzako. Nisamehe. Hii ni laki, bado elfu 80 na ile faini, nitamaliza tarehe fulani." Tarehe itaje, na uwe unaiweza. Usiseme "kama nilikukosea", maana unajua ulimkosea. Habari za mteja aliyekukimbia usizitie hapo, huyo ni mdeni wako wewe. Halafu usikae unamtazama usoni ukisubiri tabasamu. Anaweza kuipokea, akaihesabu na kuendelea kufunga mafungu yake ya mchicha. Mwache aendelee.

Haya, tuingie jikoni.

Tope lako limetokana na mambo mawili. Kwanza, chokoleti uliiweka juu ya moto wenyewe. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wako, ndiyo maana kipande kinalainika mdomoni. Moto wa gesi chini ya sufuria nyembamba ni mkali mno, chokoleti huungua upande wa chini wewe bado unaitazama juu. Pili, kile kijiko cha maji. Ndani ya chokoleti karibu hakuna maji kabisa. Ni unga laini wa kakao na sukari ulioelea kwenye mafuta. Tone la maji likiingia, sukari hulifyonza, inanata, inashikana na unga wa kakao, na ghafla una chengachenga. Cha ajabu ni kwamba kijiko kimoja kinaharibu, lakini vijiko sita vingeiokoa. Kimiminika kikiwa kingi, sukari yote hupata pa kuyeyukia na mchanganyiko unatiririka tena. Ikikutokea siku nyingine, usiitupe. Ipua, endelea kutia maziwa ya moto kijiko baada ya kijiko huku unakoroga kwa nguvu, utapata rojo. Ila ikiwa inanuka kuungua, hiyo basi.

Njia ya uhakika ni kutoipika chokoleti kabisa. Kwa watu wawili chukua gramu 150 za chokoleti nyeusi, ikatekate kwa kisu mpaka vipande viwe vidogo kama punje za mahindi, uiweke kwenye bakuli kavu. Narudia: kavu. Wengine hutia krimu, lakini wewe uko Tanga na nazi zipo, kwa hiyo krimu ya dukani iache dukani. Kamua tui zito la kwanza, mililita 150, lichuje vizuri, litie chumvi kidogo na iliki mbili zilizopondwa. Bandika kwenye moto mdogo ukikoroga muda wote, kwa sababu tui likiachwa lichemke kwa fujo linakatika. Likianza kutoa vipovu pembeni, toa maganda ya iliki, mimina tui juu ya chokoleti, na usiguse chochote kwa dakika mbili. Halafu anza kukoroga katikati, taratibu, ukipanua duara. Mwanzoni itakutisha, itaonekana imegawanyika. Endelea. Ghafla itakuwa nyeusi, nzito, inang'aa. Ukitumia chokoleti ya maziwa, ambayo ni laini zaidi, punguza tui hadi mililita 100. Kabla ya kuila dondosha tone kwenye kifundo cha mkono kwa upande wa ndani, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Kama hujawahi kupima maziwa ya mtoto, hilo nalo tutalizungumza siku nyingine.

Dukani, soma karatasi. Viungo vitaje siagi ya kakao. Ukiona mafuta ya mawese au ya mboga ndiyo yaliyotangulia, itayeyuka sawa lakini utahisi nta ulimini. Si lazima itoke nje. Kakao nyingi ya Tanzania inalimwa Kyela, na siku hizi wapo wanaotengeneza chokoleti hapahapa nchini. Ukikuta imepata weupe juu usidhani ni ukungu. Ni mafuta yake yamepanda juu kwa sababu ya joto. Kwa kuyeyusha haina tatizo, na muuzaji anaweza kukupunguzia.

Seti usiinunue. Mlo huo wa kuchovya huitwa fondue, na kwa asili ni chakula cha jibini cha Uswisi, nchi ya baridi, na jibini likipoa linakuwa gumu. Ndiyo maana chungu chao kina moto chini. Ya chokoleti ni ya juzijuzi tu: ilianza kujulikana New York miaka ya 1960, katika mgahawa wa Chalet Suisse wa Mswisi mmoja aitwaye Konrad Egli. Wao wana baridi. Wewe uko Tanga, ambako saa tatu usiku bado mtu anajipepea. Chokoleti yenye tui haitaganda mbele yako. Ikizidi kuwa nzito, kalisha bakuli lake ndani ya bakuli kubwa lenye maji ya moto, basi. Uma za kawaida zinatosha, au vijiti vya mishikaki. Na nakuomba usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupashia, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Hewa yake haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.

Matunda nayo yafutwe maji, unajua sasa kwa nini. Machungwa ya Muheza yamenye mapema, toa nyuzi nyeupe zote, yaache wazi nusu saa yakauke juu. Chungwa na chokoleti nyeusi ni mtu na shogaye. Ndizi kisukari iwe imeiva lakini bado inashika kijiti. Tende, korosho zilizokaangwa, maandazi madogo ya iliki yasiyo na sukari nyingi. Tikiti maji liache kabisa, papai litadondokea humo. Udi kama mnatumia, fukiza chumbani saa moja kabla kisha toa chetezo, la sivyo hamtasikia harufu ya chokoleti mliyoigharamia.

Hiyo siri yako pia iache. Mshtukizo ni raha ya anayeshtukiza. Mtu wa genge anarudi miguu imevimba, mikono inanuka vitunguu, na wewe unataka akae mbele ya mshumaa apendeze? Mwambie siku mbili kabla: Jumamosi funga mapema, chakula cha watoto ni juu yangu, kuanzia saa tatu tuna nafasi yetu. Apate muda wa kuoga, kusuka akitaka, au kukukatalia. Akikataa, msikilize sababu, na chokoleti ikae ndani ya karatasi yake mpaka siku atakayotaka mwenyewe. Mkikaa, simu zizimwe, yako kwanza. Bakuli moja mnalochovyea kwa zamu linawalazimisha kwenda polepole, na watu wakienda polepole huanza kuongea. Akianza kuongea kuhusu kikoba, usimwambie "leo tusiharibu siku". Msikilize mpaka amalize.

Mama yako hapelekwi popote. Hiyo ni nyumba yake pia, na ukimhamisha kwa ajili ya bakuli la chokoleti, Tanga nzima itajua kufikia Jumatatu. Tengeneza nyingi kidogo. Saa moja jioni mpelekee yeye na wajukuu maandazi na kikombe chao cha chokoleti. Akiuliza kuna nini, mwambie ni siku yetu ya ndoa, mama. Naye aliolewa, ataelewa, na huenda akawaita watoto wakalale kwake bila kuombwa. Itakayobaki iweke kwenye friji muimalize ndani ya siku mbili, maana tui halikai. Asubuhi vijiko viwili kwenye kikombe cha maziwa ya moto vinatosha.