USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Mpendwa msomaji, kama wewe ni mtoto wa mkulima kama mimi, hebu tulia nikupe somo nililolipata kwa aibu.

Kwetu ni Timau, kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Huko shayiri hupandwa kwa wingi ili itengenezwe bia. Ukisimama kando ya shamba utaona mashuke yamelingana kama askari gwarideni. Likizo ya Aprili nyanya alinituma stoo nimletee mbegu za maharagwe. Nikapata kibuyu kimejaa maharagwe mekundu, meusi na ya madoadoa, yote yamechanganyika ndani ya jivu. Nikaangua kicheko. "Nyanya, hii ni mbegu ama ni takataka?" Hakunijibu. Alichukua kibuyu chake akaenda zake shambani.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa Kilimo alitufundisha habari za shayiri ya Ethiopia. Hapo ndipo nilipojua nani alistahili kuchekwa.

Wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia wamepanda shayiri tangu zama za kale. Shayiri yao ya kiasili si ya namna moja. Shamba moja laweza kuwa na mashuke meupe na meusi, mimea mirefu na mifupi, inayokomaa mapema na inayochelewa. Huifanyia injera, huikaanga ikawa kolo, na huitengenezea tella, yaani pombe ya nyumbani.

Sasa tulinganishe.

Kwanza, mavuno. Hapa mbegu ya kisasa inashinda, tusidanganyane. Ikipewa mbolea huzaa sana, na kwa kuwa ni fupi haianguki ovyo. Ya kiasili ikitiwa mbolea nyingi hurefuka, kisha ikalala chini.

Pili, soko. Mtengenezaji bia anataka punje zinazolingana na kuota pamoja. Mchanganyiko haumfai.

Tatu, hatari. Mbegu ya kisasa ni ya aina moja, kwa hivyo ugonjwa ukiuweza mmea mmoja, umeiweza yote. Mwaka wa 1970 Marekani ilipoteza takriban asilimia 15 ya mahindi yake kwa ugonjwa wa majani, kwa sababu mbegu nyingi zilikuwa na udhaifu mmoja. Katika mchanganyiko, hii ikifa ile hubaki.

Nne, kesho yetu. Kuna virusi vinavyoenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Shayiri ikiambukizwa hugeuka manjano na kudumaa. Wataalamu wa California walipotafuta kinga, waliipata katika shayiri ya Ethiopia, ikaingizwa katika mbegu za kisasa. Kumbe mtoto wa kisasa ana mama wa kiasili!

Na mama huyo nusura apotee. Katika njaa ya 1984 na 1985, kuna wakulima wa Ethiopia waliolazimika kula hata mbegu. Dkt. Melaku Worede, aliyeongoza hifadhi ya mbegu ya Addis Ababa iliyoanzishwa mwaka wa 1976, na wenzake walikusanya mbegu za kiasili na kuzirudisha mashambani. Mwaka wa 1989 alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Je, tuzitupe mbegu za kisasa? La hasha! Bila shayiri ya kisasa karo yangu ingetoka wapi? Ninachosema ni kwamba, pamoja na hizo, kila boma litenge kipande cha shamba kwa mbegu za wazee wetu.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa nyanya kuomba msamaha. Mvua ilikuwa imekatika mapema. Maharagwe mekundu yalikuwa yamekauka kabla ya kujaza maganda, lakini yale meusi yalikuwa yamezaa. Nyanya akanikabidhi kibuyu.

"Shika, mjukuu wangu. Kucheka hakushibishi."

Nawe msomaji, je, kibuyu cha kwenu kiko wapi? Uliza mapema, kabla anayejua hajatutoka. Kalamu naiweka chini. Akiba haiozi.