Dada, wananiita yaya wa mwanangu

Wadogo zangu, leo nina barua kutoka Lisekese, Masasi. Nimeisoma chai ikapoa.

Aliyeandika ni mama wa miaka 29, Mmakua. Mumewe kazaliwa hapo hapo Masasi: mama Mmakua, baba Mhindi aliyekuwa na duka. Msimu wa korosho uliopita walipiga picha shambani. Yeye kambeba binti yao wa miaka minne kwa mbeleko, mume kasimama pembeni na ndoo ya korosho, kofia imejaa vumbi. Akaiweka Facebook. Kufika magharibi picha ilikuwa mikononi mwa watu asiowajua. "Dada wa kazi kabeba mtoto wa bosi." "Huyo Mwarabu anakulipa shilingi ngapi?" Mwingine akauliza kama mtoto kaibwa. Anamalizia hivi: "Dada, mume wangu anaongea Kimakua kunishinda mimi. Watu wa namna hii niwajibu nini?"

Pole, mdogo wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyeandika maneno yale hakukesha na wewe siku mtoto alipochemka homa.

Jambo hili halikuanza kwako. Machi 2017 profesa Robert Kelly, Mmarekani anayefundisha Busan huko Korea Kusini, alikuwa akihojiwa na BBC akiwa nyumbani kwake. Watoto wake wawili wakaingia chumbani mahojiano yakiwa hewani. Mama yao, Kim Jung-A, Mkorea, akaja mbio akawavuta nje. Dunia ilicheka, na katika kicheko hicho hicho watu wengi wakamwita yaya. Mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake! Waliona rangi mbili, mengine wakajitungia. Na wewe wamekufanyia vivyo hivyo.

Tena wangekuwa wanaijua Kusini mwa Tanzania wasingethubutu. Kwetu, Wamakua, Wamakonde na Wayao, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli nzito. Kwa hesabu hiyo binti yako ni Mmakua, na baba yake naye ni Mmakua, maana kazaliwa na Mmakua. Na Masasi yenyewe? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja na watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, watu wa makabila mbalimbali, safari ikiwa ya kwenda Nyasa. Wakafika Masasi, wakaweka makazi. Mji wenye asili hiyo hauwezi kumshangaa mtoto wako. Hata Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika upimwe kwa rangi, Nyerere alikataa akaweka serikali yake rehani. Wewe unadaiwa maelezo ya nini?

Sasa nikuambie la ndani, usinune. Katika barua yako umegusia kwamba mwezi mmoja kabla uliweka picha ya binti peke yake, watu wakamwaga sifa: mashallah, mweupe, nywele za singa, shombeshombe mzuri. Umesema siku ile ulilala na furaha. Mdogo wangu, sifa zile na matusi haya vimepikwa chungu kimoja. Anayempenda mwanao kwa sababu ya weupe ndiye huyo huyo anayekuona wewe mweusi hufai kuwa mama yake. Na binamu zake walio weusi kama wewe, wakisikia nyumbani anasifiwa rangi, wanajifunza nini? Msifu kwa kujua kuhesabu korosho. Sifa ya rangi ikija, usiipokee.

Kuhusu majibu, anayeuliza kwa adabu mjibu kwa neno moja: "Ni mwanangu." Inatosha, usimwage historia ya ndoa. Anayesema anatania, kumbuka utani wetu una wenyewe: mtani wako unamjua, na msiba ukikufika anakuja. Asiyekujua jina hana utani na wewe, mfungie asikufikie. Wala usijibu kwa kumtukana dada wa kazi, eti "mimi si wa hadhi hiyo". Kazi yake ni ya heshima. Wewe sema tu kwamba umezaa.

Akivuka mpaka akatukana asili yenu au akatishia, usibishane naye. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, maneno na tarehe, ndipo uende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtukana mtu kwa rangi au asili yake, na inakataza pia kumwonea mtu mtandaoni. Ukifuta kwa hasira, umefuta na ushahidi.

Kubwa kuliko yote ni binti. Kabla hajaanza shule, mpe maneno yake. Wenzake watamwita chotara, neno tunalolitumia hata kwa kuku na mahindi ya mbegu. Asilikute njiani likiwa jipya. Mkalishe mkekani, mwambie: bibi yako huyu, babu yako yule alikuwa na duka, mjomba wako ni fulani, ukoo wetu ni huu. Mtoto anayejua ukoo wake hapepesuki akiulizwa "wewe nani?" Na uso wake usiendelee kuuweka hadharani, akikua ataamua mwenyewe.

Msimu ujao korosho zikianza kuanguka, pigeni picha nyingine, ninyi watatu, mbeleko ile ile. Safari hii itundikeni ukutani sebuleni. Huko anayetaka kuuliza mtoto ni wa nani atalazimika kupiga hodi kwanza.

Ni mimi, dada yenu.