Roma Mwezi wa Oktoba kwa Mfuko Mdogo: Afya ya Msafiri wa Ndege



Mwezi huu tunajibu swali ambalo familia kadhaa za huku milimani zimetuuliza. Mtu wa Kwamkoro anayeishi kwa majani ya chai na iliki, awezaje kwenda kuuona mji wa Roma kwa siku chache bila kumaliza akiba ya nyumba, na bila kurudi mgonjwa? Wengine wana mtoto anayesoma huko, wengine wana ndugu mtawa anayeweka nadhiri, na wengine wanataka tu kuyazuru makaburi ya Mitume. Ukurasa huu ni wa afya, lakini katika safari hii afya na fedha havitengani. Anayebana fedha pasipofaa huishia kuzitoa hospitalini.

Tuanze na majira. Nauli za ndege za kwenda Ulaya hupanda Julai na Agosti, kisha tena karibu na Noeli. Oktoba na Novemba kwa kawaida hushuka. Kwa wenzetu huo ni wakati wa majani kupukutika. Kwetu ndiyo vuli, na barabara ya kushuka kutoka Amani hadi Muheza huwa na utelezi, kwa hiyo msafiri asingoje siku ya mwisho kuteremka. Joto la Roma mwezi wa Oktoba ni karibu nyuzi 22 mchana na 12 au 13 usiku. Baridi ya namna hiyo watu wa Kwamkoro tunaijua kila Julai. Asije mtu akakuuzia koti zito la bei kubwa. Sweta mbili za mitumba, soksi na koti la mvua vyatosha. Ukichelewa hadi Novemba, mvua huzidi.

Viza ya nchi hizo, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Pamoja nayo hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Wengi huiona bima hiyo kama kodi tu. Sisi twasema soma masharti yake kabla ya kulipa, maana bima nyingi hazigharimii ugonjwa uliokuwa nao tangu nyumbani, kama presha au kisukari. Uliza hilo waziwazi.

Chanjo ya homa ya manjano isiachwe kwa sababu tu Italia haiidai. Ndege nyingi za bei nafuu hupitia nchi nyingine, kwa mfano Ethiopia, na ukikaa huko zaidi ya saa 12 unaweza kudaiwa kadi wakati wa kurudi Tanzania. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha. Mama mjamzito, mwenye upungufu wa kinga na mzee wa miaka zaidi ya 60 waonane na daktari kwanza. Ukiwa na shaka, uliza Hospitali ya Mkoa ya Bombo, Tanga, wakuelekeze kituo kinachotoa chanjo hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza, yaani kukaa. Kutoka Muheza hadi Dar es Salaam ni saa 6 au zaidi ndani ya basi. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni karibu saa 3 angani, na Addis Ababa hadi Roma saa 6 hivi. Mtu akikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, damu hutembea polepole katika mishipa ya miguu na huweza kuganda. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, laweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni kama mtu 1 kati ya 6,000 katika safari ya zaidi ya saa 4. Ni ndogo. Lakini huongezeka kwa mjamzito, kwa mnene sana, kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni na kwa aliyewahi kuganda damu. Tena si ndege peke yake, hata basi limo. Ndiyo maana tunashauri ulale usiku mmoja Dar es Salaam kwa ndugu kabla ya kupanda ndege. Ukiwa kitini, chezesha vifundo vya miguu kila mara, simama utembee inaporuhusiwa, kunywa maji, na pombe ya bure uiache. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hata wiki mbili baada ya safari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiukande.

Hewa ndani ya ndege ni sawa na ya mahali palipo juu mita 1,800 hadi 2,400, ni kama umepanda Lushoto mjini ukapita hadi kileleni Magamba. Mwenye afya hasikii kitu. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari mapema. Mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inaposhuka, masikio yasimwume.

Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Tunalisema hili kwa uchungu. Mama mmoja wa ukoo wetu aliweka vidonge vyake vya presha katika sanduku kubwa, na sanduku lilibaki njiani alipobadilisha ndege. Alikaa siku tatu bila dawa, kichwa kikimgonga, akiona haya kumwambia mwanawe. Insulini nayo isiwekwe kabisa katika mzigo wa chini, kwani yaweza kuganda.

Zawadi za nyumbani zina mipaka. Nyama na vitu vya maziwa, samli ikiwemo, haviruhusiwi kuingia. Ndizi na mananasi yanaruhusiwa, jambo lililotushangaza sisi wenyewe.

Mkifika Roma, lala katika nyumba za wageni za watawa. Nyingi ni safi na nafuu kuliko hoteli, ila andika mapema. Maji usinunue: mjini mna mabomba ya barabarani zaidi ya 2,000 yanayotiririsha maji safi ya kunywa, chukua chupa yako. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Saa za huko hupishana na zetu kwa saa 1 au 2 tu, kwa hiyo uchovu wa siku ya kwanza ni wa kukosa usingizi. Lala, kesho yake utembee.

La mwisho ndilo kubwa. Huku juu mbu ni wachache kuliko Muheza na Dar es Salaam. Aliyeumwa na mbu usiku ule wa kungoja ndege huanza kuugua baada ya wiki moja au mbili, akiwa tayari Roma, na daktari wa huko aweza kudhani ni mafua ya majira. Ukipata homa huko, hata miezi 3 baadaye, sema mara moja kwamba umetoka Tanzania na utaje malaria. Neno lenyewe ni lao, maana yake hewa mbaya; Italia iliteswa na ugonjwa huo karne nyingi hadi ilipotangazwa kuwa huru nao mwaka 1970. Na mwanao anayeishi huko, akija likizo Kwamkoro, kinga yake imepungua. Mtafutieni chandarua chenye dawa kabla hajafika, naye amwone daktari huko kuhusu vidonge vya kinga kabla ya kupanda ndege.