Ugali Ukipungua, Sosi Iongezeke: Mafunzo Niliyopata Tingi

Tingi ni kata ya wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Kabla Nyasa haijawa wilaya, sisi tulikuwa watu wa Mbinga. Kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze wanga, huku si mahali pepesi. Kwa Wamatengo huku juu ni ugali wa mahindi na maharage. Ukiteremka ziwani ni ugali wa muhogo na samaki. Asubuhi ni viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na chai ya sukari ya kuteremshia. Sukari yangu ilipopanda ilibidi vyote hivyo vipungue, na sahani ikajaa majani. Kilichonifanya nisirudi kwenye ugali mkubwa ni kile kinachomwagwa juu ya majani hayo.

1. Majani peke yake hayashibishi

Kabichi, nyanya, tango na pilipili hoho ni maji kwa sehemu kubwa. Ukila na chumvi na ndimu tu, baada ya muda mfupi unafunua masufuria kuangalia kama kuna kiporo. Mume wangu alipoitazama sahani hiyo mara ya kwanza aliuliza, "Mama watoto, mboga nimeiona. Chakula kiko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukiondoa ugali, lazima kitu kingine kibebe njaa, na kitu hicho ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kalori kama 120 na hakina wanga hata chembe. Tena mwili unahitaji mafuta ili upate faida ya majani yenyewe, kwa kuwa vitamini A, D, E na K haziyeyuki kwenye maji. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwalisha watu saladi ya mchicha, nyanya na karoti kwa sosi yenye mafuta na isiyo na mafuta. Waliokula ile isiyo na mafuta karibu hawakufyonza chochote katika viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Bibi zetu waliokuwa wakitia karanga kwenye mchicha hawakusubiri utafiti huo.

2. Chumvi huanza na ndimu, mafuta hufuata

Vitabu vya mapishi vya Ulaya husema vijiko vitatu vya mafuta kwa kimoja cha siki. Mimi kwa kabichi, ambayo ni ngumu na baridi mdomoni, natumia viwili kwa kimoja. Kwa majani laini narudi kwenye vitatu.

Utaratibu una maana kuliko vipimo. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukiitia baada ya mafuta itazama chini, na atakayekula mwisho ataimeza yote. Basi kamua ndimu kwanza kwenye kopo lenye mfuniko, tia chumvi, tikisa mpaka iyeyuke, ndipo umimine mafuta. Mafuta na ndimu havipatani vyenyewe, vinahitaji mshenga. Kitunguu saumu kilichotwangwa kikawa uji kinafaa, haradali kidogo inafaa, kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa kinafaa zaidi. Tikisa kwa nguvu mpaka rangi iwe ya maziwa yaliyochafuka, umwage saa hiyo hiyo, maana ukigeuka kumwita mtoto vitakuwa vimeshaachana.

3. Utamu umejificha mahali usipoutarajia

Tomato sosi ya dukani, kijiko kimoja cha chakula, ina sukari inayokaribia kijiko cha chai. Sosi nyingi nyeupe za chupa huongezwa sukari, na nyingine huongezwa wanga ili ziwe nzito. Geuza chupa usome nyuma kabla hujalipa.

Asali haina msamaha. Najua inasifiwa kuwa ni dawa, na asali ya porini ya Ruvuma ni tamu kweli, lakini kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 hivi za wanga na karibu zote ni sukari. Ukwaju ndio uliowashangaza wengi niliowaambia. Kwa kuwa ni mchachu watu hudhani hauna sukari, kumbe nyama yake ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito, uchachu ukiifunika. Ukitaka uchachu, ndimu na limau vipo, na msimu wa maembe ukifika paruza embe bichi lililo gumu kabisa, lile la kulia na chumvi. Likianza kulainika liache liive uwape watoto.

4. Karanga kuliko korosho

Zote huhesabiwa kundi moja mezani, lakini gramu 100 za korosho zina wanga wa gramu 30 hivi, za karanga zina kama 16, na nusu ya hizo 16 ni nyuzinyuzi. Korosho ni fahari ya Ruvuma yetu, hasa Tunduru, nami naila ya kutafuna. Kwa sosi, karanga.

Kaanga karanga kwa moto mdogo, pepeta maganda, twanga mpaka zitoe mafuta. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga. Zitakaza kwanza, usiogope, kisha zitalegea. Malizia kwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Ufuta unakubali njia hiyo hiyo. Ndiyo tahina ya Waarabu.

Sharti ni moja: chambua karanga kwa jicho kali. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, usimpe hata kuku. Sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo huishika kwa urahisi.

5. Parachichi ni sosi iliyokwisha kutengenezwa

Gramu 100 zina wanga wa gramu 9 hivi, lakini kama 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Ponda kwa uma, kamulia ndimu, tia chumvi na majani ya giligilani, legeza kwa maji. Halilali: kesho yake limekuwa jeusi hata ukitia ndimu ya kutosha.

6. Usipa wamenipa sosi bora kuliko zote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona watu wakiliandika jambo hili.

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, wembamba, wenye ubavu wa fedha. Huvuliwa usiku wa giza la mwezi kwa taa, na asubuhi huanikwa juani, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay. Walioanikwa kwenye vichanja hawana mchanga. Walioanikwa chini wanao, na mchanga ndani ya sosi hauna dawa. Kabla mwuzaji hajakupimia kisado, chukua mmoja umtafune hapo hapo. Meno yatakuambia. Mwuzaji mwenye biashara safi hanuni. Mmoja aliwahi kuniambia, "Onja dada yangu, onja na wa chini," akachimbua wa chini ya gunia mwenyewe.

Nyumbani ondoa vichwa na matumbo, kwa kuwa uchungu umo humo. Waweke kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, ukiwageuza mpaka ukimvunja mmoja alie kama kijiti. Harufu itawaita majirani, hilo halizuiliki. Twanga na punje mbili za kitunguu saumu na pilipili kichaa moja mpaka upate unga wa rangi ya udongo. Mimina ndimu, acha unga unywe, kisha mafuta ya alizeti. Chumvi onja kwanza. Mara nyingi hutaihitaji.

Mwage juu ya kabichi iliyokatwa nyembamba kama ya chipsi mayai. Sahani hiyo mume wangu hakuuliza chakula kiko wapi. Samaki mkavu wa aina hii ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, mifupa yake ina kalisi, na wanga hana.

Anayeona ni ushamba kutwangia dagaa kwenye saladi afikirie saladi ya Caesar, inayouzwa ghali kwenye hoteli kubwa za Dar es Salaam. Inasimuliwa kuwa ilibuniwa mwaka 1924 huko Tijuana, Mexico, na Mtaliano mwenye mgahawa, Caesar Cardini. Sosi inayomwagwa juu yake siku hizi huwa na dagaa wa bahari waliolazwa kwenye chumvi, limau, kitunguu saumu na mafuta. Sisi tunao wetu, wakavu, na hawaji kwa ndege.

7. Mtindi

Uwe usiotiwa sukari. Wa pakiti wenye picha za matunda uache dukani. Mtindi, kitunguu saumu, tango la kuparuza, chumvi: ni nzuri kwa siku za joto kule ufukweni, nasi huku juu kwenye ubaridi tunaisahau.

8. Sosi ya nyumbani haina dawa ya kuihifadhi

Ile ya dukani hukaa miezi kwa sababu imetiwa vya kuifanya ikae. Yako haina, kwa hiyo tengeneza ya kula leo. Zaidi ya yote usiloweke kitunguu saumu kibichi kwenye chupa ya mafuta ukaiacha rafuni ili "ikolee". Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wa udongoni wanaopenda hali hiyo na kutoa sumu inayopoozesha misuli, sumu isiyobadilisha harufu wala ladha. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu kadhaa waliugua kwa njia hiyo baada ya kula mgahawani mkate wenye kitunguu saumu kilichokaa ndani ya mafuta. Wenye friji wamalize ndani ya siku chache. Nyumba isiyo na friji itengeneze na kuimaliza mlo huo huo.

Mayonezi ya yai bichi siitengenezi kabisa. Kiini cha yai la kuchemsha kinatosha. Na majani yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, maana sosi nzuri haiui vijidudu vya kuhara. Kisamvu kisiliwe kibichi kwa sosi yoyote. Sumu yake huondoka kwa kutwangwa na kupikwa sana.

9. Daktari ajue kabla sahani haijabadilika

Kabla ya insulini kuanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1922, kubana chakula, hasa wanga, ndiyo ilikuwa silaha kuu ya madaktari dhidi ya kisukari. Hiyo inakuonyesha nguvu ya kupunguza wanga, na pia hatari yake kwa mtu aliye kwenye dawa. Dozi ya insulini, au ya baadhi ya vidonge, iliyopangwa kwa mlaji wa ugali inaweza kuteremsha sukari ya mlaji wa kabichi mpaka akazimia shambani peke yake. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo na mtoto anayekua nao wasiige mlo wa mtu mzima. Kama uko kwenye dawa, tafadhali mwone daktari wako au mhudumu wa kliniki ya kisukari, mweleze unachotaka kupunguza na kiasi gani, akupangie dozi upya. Uliza pia ni lini urudi kupima.