Hesabu ya Watu Katika Majimbo ya Marekani

Nchi ya Marekani ina majimbo 50, lakini watu wake hawakugawanyika sawasawa. Katika hesabu ya tarehe 1 Aprili 2020 walipatikana watu 331,449,281. California peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 39, hali Wyoming, jimbo la milima na malisho makavu, haikufikisha hata 600,000. Wala ukubwa wa nchi si dalili ya wingi wa watu. Alaska yaipita Texas kwa ukubwa zaidi ya mara mbili, na watu wake walikuwa 733,391 tu.

Watu hufuata maji, bandari na kazi, tena hawakai mahali pamoja milele. Tangu yapata mwaka 1910 mpaka 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliondoka majimbo ya Kusini, wakikimbia ubaguzi na ujira haba wa mashamba ya pamba, wakaenda kwenye viwanda vya Chicago, Detroit na kwingineko. Baadaye mkondo ukageuka. Viwanda vingi vya Kaskazini vilifungwa, na watu wa kila rangi wakahamia Texas na Florida. Mashine za kupoza hewa zilisaidia sana, maana joto la huko si la mchezo.

Haya yangekuwa mambo ya darasani tu, lau hesabu isingekuwa ndiyo mizani ya madaraka. Katika Baraza la Seneti kila jimbo hupata wajumbe wawili, liwe kubwa au dogo. Lakini Baraza la Wawakilishi lina viti 435, navyo hugawanywa upya kila miaka 10 kwa kadiri ya wingi wa watu. Kila jimbo lina haki ya kiti kimoja. Zaidi ya hapo, jimbo moja likiongezewa, jingine hupunguziwa. Zamani mizani yenyewe ilikuwa na hila: kwa Katiba ya mwaka 1787, watumwa 5 walihesabiwa kuwa watu 3, nao hawakuwa na kura, faida ilikuwa ya mabwana zao. Jambo hilo liliondolewa mwaka 1868.

Jimbo la New York, ambalo katika miaka ya 1940 lilikuwa na viti 45, lilikuwa limebakiwa na 27. Matokeo yalipotangazwa Aprili 2021, Texas iliongezewa viti viwili, na New York ikapoteza kimoja. Kama watu 89 zaidi wangalihesabiwa humo, na majimbo mengine yasibadilike, kiti hicho kingalibaki, na Minnesota ndiyo ingalipokonywa chake. Katika jiji la New York, lenye watu zaidi ya milioni 8, wengi wao wapangaji na wageni wasiopenda kumfungulia mlango mtu wa serikali, watu 89 ni wakaaji wa jumba moja la ghorofa.